Kompyuta Tisa na Antivairasi ya Shemeji

Jumatatu, 6 Oktoba

Imekwama tena. Kompyuta ya mapokezi ya maabara imepanda mpaka asilimia sitini na moja, ikasimama, ikajizima, ikawaka, ikaniambia inarudisha mambo yalivyokuwa. Mara ya nne leo!

Kuanzia tarehe ishirini mfumo wa majibu ya wagonjwa utazikataa kompyuta ambazo hazijasasishwa. Hapa hospitali kompyuta zipo tisa na zote zimegoma. Mkurugenzi amepita mlangoni, hata hakuingia. Kanikumbusha kwamba mkataba wangu wa ufundi unaisha mwisho wa mwezi, na angependa kusikia habari njema. Habari njema! Utadhani nimezikwamisha mimi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mchawi nimempata. Ni antivairasi. Nimeiondoa kabisa kwenye kompyuta ya stoo, nikawasha upya, nikasasisha — ikapita bila kelele. Nikairudisha, ikakaa sawa. Kuizima tu hakutoshi. Inajifanya imelala, kumbe imeyashikilia mafaili ya sasisho kama mtoto na peremende.

Sasa uchungu wenyewe. Antivairasi hiyo ameiuza hapa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Na aliyemleta ni nani? Mimi. Kwa mdomo wangu, mbele ya mkurugenzi: namfahamu, ni mtu wa kazi. Alikuwa amekaa nyumbani miaka miwili, mdogo wangu ananipigia kila wiki analia. Ningefanyaje?

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia shemeji. Kwanza kacheka. Eti antivairasi yake haina kosa, shem, labda kompyuta zenu ni kuukuu. Nikamwambia alete toleo lililorekebishwa. Kasema wenye programu wanalishughulikia. Lini? Hapo akashusha sauti: nisimwambie mkurugenzi, mkataba wake unajadiliwa mwezi huu, na mdogo wangu yuko mwezi wa saba.

Kana kwamba sijui! Kliniki nampeleka mimi, si yeye. Nimekasirika. Lakini kwa mkurugenzi sijaenda.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ofisi tupu. Nimemaliza tatu. Chomoa waya wa intaneti, ondoa antivairasi, washa upya, chomeka flashi yenye sasisho, subiri, washa upya mara mbili, rudisha antivairasi, rudisha waya. Saa mbili na nusu kwa kila moja. Mgongo wangu umekuwa si wangu.

Darubini kapita kuchukua koti lake. Ni mtaalamu wa maabara, mama mtu mzima. Tumempa jina hilo kwa sababu hakuna kinachompita. Akatazama skrini, akauliza mbona namfukuza mlinzi kabla sijafungua mlango. Nikamweleza yote, hadi la shemeji. Akaguna. Andika, mwanangu, kasema, andika kwenye daftari la hitilafu, siku ya siku karatasi ndiyo itakayokusemea.

Alipoondoka nikalifungua daftari. Lina safu ya "chanzo". Nimekaa nayo muda mrefu. Mwisho nikaandika: Imesasishwa. Hakuna hitilafu. Mara tatu.

Jumatano, 15 Oktoba

Ya tisa imepita saa nane mchana. Zote! Hakuna aliyesema ahsante. Daktari wa zamu kalalamika kwamba rangi ya skrini yake imebadilika.

Daftarini: hakuna hitilafu, mara tisa, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Najichukia kidogo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Kikao. Mkurugenzi kalinyanyua daftari langu juu, akalisoma kwa sauti. Kompyuta tisa, hitilafu sifuri! Eti huo ndio ushahidi kwamba antivairasi ni imara. Watu wakapiga makofi. Shemeji alikuwepo, kafunga tai, akainamisha kichwa kama bwana harusi. Makofi ya Jumamosi yangu, jamani! Darubini peke yake hakupiga. Alinitazama tu, nami nikaangalia meza.

Kisha mkurugenzi, kwa upole kabisa, akasema kompyuta zisizoharibika hazihitaji fundi wa kudumu. Shemeji atatoa huduma zote, matawi yote matano ya hospitali, miaka mitatu. Mimi mkataba wangu hautaendelea, nitaitwa ikibidi.

Ikibidi!

Nilimtafuta shemeji usoni. Alikuwa anasoma simu yake. Nimejichimbia kaburi mwenyewe, tena kwa bidii, tena siku ya mapumziko.

Jumatatu, 27 Oktoba

Saa tatu asubuhi katibu muhtasi kaniletea fomu. Tathmini ya kitaalamu ya antivairasi. Bila sahihi ya fundi, mkataba wa shemeji hausainiwi, na mkurugenzi anaihitaji kabla ya saa sita. Maswali ni manne. La tatu: je, programu hii imewahi kuzuia sasisho la kompyuta? Ndiyo. Hapana. Viboksi viwili vidogo.

Na leo hiihii kumetoka sasisho jingine. Nimelijaribu kwenye kompyuta ya stoo. Limekwama.

Saa nne mdogo wangu kapiga simu. Mara mbili sikupokea, ya tatu nikapokea. Hajui kama nimeachishwa — mumewe hakumwambia! Anacheka, anahema, tumbo limekuwa kubwa. Dada, kasema, umetutoa mbali, mtoto akiwa wa kike tunampa jina lako. Nikasema amina. Ningemwambia nini? Nikiweka alama kwenye Ndiyo, mumewe anarudi kukaa sebuleni, na yeye anajifungua katika shida. Nikiweka kwenye Hapana, naondoka hapa nikiwa nimesaini uongo wa kumi, na wagonjwa wa matawi matano watasubiri majibu mbele ya skrini zilizokwama.

Darubini kachungulia. Kaweka chai mezani, katoka.

Saa tano na nusu. Swali la kwanza nimejaza. La pili nimejaza. La nne pia. La tatu bado tupu. Sahihi yangu iko chini.

Katibu muhtasi amerudi, amesimama mlangoni. Fundi, bado nini tena, mzee ameshawasha gari. Namwambia dakika moja. Amejiegemeza ukutani, anasubiri, maana anaona mkono wangu unakwenda. Anadhani ninachoandika ni fomu, si shajara hii.