Mama Anataka Niwe Wakili Wake

Bi Ummukulthum, shikamoo. Nimesoma safu yako tangu nikiwa shule ya upili na sikudhani ningekuja kukuandikia, lakini nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi nyuma, na wa kumuuliza nyumbani sina, maana walio nyumbani ndio wenye jambo lenyewe.

Mimi ni Sidi, naishi Bondeni na mama yangu, Naomi, na nafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Mbaraki. Nyumba yetu ni kama nyingi za mtaa huu, jengo ni letu, tuliachiwa na marehemu baba, lakini ardhi ni ya mtu mwingine na sisi twamlipa kodi ya kiwanja, na tuliishi hivyo bila neno mpaka ardhi ilipouzwa, kisha mwenye ardhi mpya, Bwana Chonga, akatuarifu kwamba anataka kujenga ghorofa na sisi tuondoe jengo letu, mama akakataa, mambo yakafika mahakamani. Wakili tuliye naye ni mtu wa heshima lakini kila tukienda kesi inaahirishwa, mara hakimu hayuko, mara faili haionekani, na mama hutoka pale akilalamika kwamba mawakili wanazungumza Kiingereza chao na kucheka pamoja na sisi tumekaa nyuma kama mizigo iliyosahauliwa.

Siku moja tukingoja zamu yetu ikasikilizwa kesi ya watu wengine, akasimama wakili mwanamke, rika langu, akamuuliza shahidi maswali machache tu, kwa upole kabisa, na yule shahidi akabaki kutazama viganja vyake, nami nikasahau kilichonipeleka pale. Tangu hapo huomba ruhusa kazini hata siku ambazo kesi yetu haitajwi, na kwenda kukaa nyuma kusikiliza. Kisha nikaona tangazo la chuo kimoja kwamba mwenye shahada ya kwanza anaweza kusomea sheria kwa mpango wa haraka, miaka miwili badala ya minne, ila masomo ni ya mchana kutwa, kwa hivyo kazi lazima niache. Mimi nina shahada ya takwimu. Nikaomba nafasi, nimeipata, na chuo kinataka jibu mwisho wa mwezi huu.

Nilimwambia mama nikidhani atanikataza. Akafurahi mpaka nikaogopa, Jumapili akawatangazia wenzake kanisani. Bwana Chonga alikuwa ametuma neno kwamba yuko tayari kutupa kiwanja Kisauni na kutujengea huko ili tumalizane nje ya mahakama, na kaka yangu Thoya alisema tukubali, hata mama mwenyewe alikuwa ameanza kulegea. Sasa hataki kusikia. Alimwambia wakili mbele yangu, "Mwambie Chonga asubiri. Wakili wangu yuko njiani." Yule wakili akanitazama, mimi nikainamisha kichwa.

Thoya hasemi nami, anadai nimempa mama kiburi kitakachomtoa nje bila chochote. Nikikataa nafasi hii nitamvunja mama moyo, nikiikubali naogopa nitakuwa nimemdanganya. Je, niende au nisiende?

Sidi, Bondeni


Marahaba, Sidi.

Niliposoma barua yako nilikupigia simu, kwa sababu kuna jambo ulikuwa ukilizunguka. Nilikuuliza, nyumba ikiondoka kesho, bado utataka kusoma sheria? Ukasema, "Nitataka. Lakini sitaki mama ajue kwamba ningekwenda hata bila hiyo nyumba."

Basi tatizo lako ndilo hilo, wala si chuo. Unaitaka sheria kwa ajili yako mwenyewe, na si dhambi. Kosa lako ni kumwacha mama yako aamini kwamba unaitaka kwa ajili yake, na kwa imani hiyo anakataa kiwanja. Naelewa ulivyoona raha mama kujivunia wewe. Lakini siku ile wakili alipokutazama, ulipaswa kufungua mdomo.

Ukweli unaujua. Baada ya hiyo miaka miwili kuna shule ya mawakili, kuna mitihani, kuna kukaa chini ya wakili mzoefu kabla hujaruhusiwa kusimama peke yako. Kesi haitakungoja. Na hata ingekungoja, mtoto kumtetea mamake katika kesi ya nyumba anayolala yeye mwenyewe ni jambo la kuliepuka. Hasira ingekuzidi.

Nilikwambia ukamwambie siku hiyo hiyo, na umenitumia ujumbe kwamba ulimwambia. Alikusikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani akafunga mlango. Chakula alikula peke yake. Asubuhi alikuuliza kama Kisauni kuna maji.

Mpeleke akayaone mwenyewe. Mwombe Thoya awasindikize, na wewe ndiwe umtafute kwanza, maana kuhusu kesi alisema kweli. Maafikiano yaandikwe na wakili wenu na yapelekwe mahakamani, na msitoe hata bati moja Bondeni kabla nyumba mpya haijakwisha na hati ya kiwanja haijatoka kwa jina la Naomi. Ahadi ya mdomo ya Bwana Chonga msiitegemee.

Kuhusu chuo, usiache kazi kwa sababu ya tangazo. Nenda kwa wanaosimamia masomo ya sheria nchini, uulize kama shahada hiyo ya haraka inatambuliwa. Wakikwambia haitambuliwi, kuna vyuo vya jioni, polepole lakini utafika. Wakikwambia inatambuliwa, na mama ana mahali pa kulala, jibu chuo kabla mwezi haujaisha, na utie sahihi ukijua unakwenda kwa sababu unapenda. Mama akiuliza nani atamtetea sasa, mjibu kwamba wakili wake ni yule yule aliye naye.