Vipande vya Salima Haviuzwi

Dada Zaina,

Leo nimemwinulia mchi mjomba wetu. Ndiyo, mjomba Saidi, huyohuyo aliyetulea. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine huko uliko.

Kofi la kwanza alinipiga nikiwa namnyonyesha mwanangu. La pili likanipasua mdomo. "Tia saini! Watu wanalala na njaa humu ndani, wewe umeng'ang'ania vipande!" Anataka vipande vya Salima, binti yako, viuzwe, anunue mashine ya boti. Nikamlaza mtoto mkekani, nikatema damu, nikashika mchi. Nikamwambia, "Mjomba, heshima yako iko palepale, lakini mkono huo ukiunyanyua tena nauvunja." Akatoka anatukana.

Balaa hili umeniachia wewe, dada.

Unakumbuka nilivyokucheka? Ulikuwa unavuka mto Rovuma kufuata vitenge, siku moja ukarudi kutoka Mtwara unasema umemnunulia Salima vipande. Vipande vya nini, nikakuuliza, vya muhogo? Ukacheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukanieleza: watu wengi wanatia kidogokidogo kwenye mfuko mmoja, wenye kazi hiyo wanaununulia mfuko hisa za kampuni nyingi, saruji huku, simu kule, na kila mtu ana vipande vyake kwa kadiri alivyotia. Kampuni moja ikiyumba, nyingine zinaubeba mfuko. Bei ya kipande inapanda, inashuka, na wao wanakata ujira wao. Hata habari ya riba ulishamuuliza mwalimu wa madrasa, ukachagua mfuko usioigusa. Mimi nikakujibu, "Hela zako umewapa wanaume wenye tai, hata majina yao huyajui. Mimi zangu nazikalia." Zangu zilikuwa kwenye kopo la maziwa, nimelifukia chini ya kinu.

Kopo lile ndilo lililokuua. Sijamwambia mtu.

Asubuhi ile pale kijijini kwetu Quiterajo chai ilikuwa haijachemka wale waasi wenye bunduki na mapanga walipoingia. Muuza mandazi walimpiga risasi akaangukia karai lake la mafuta. Harufu ile sijaisahau. Tukakimbilia mikokoni nyuma ya nyumba, mimi na tumbo la miezi minane, Salima mgongoni kwako. Na mimi mjinga nikawa nalia, "Kopo langu! Hela zangu za kujifungulia!" Ukaniziba mdomo kwa kiganja. Ukamfungua Salima, ukamfunga mgongoni kwangu. "Nyamaza, nakuletea." Nikakuacha uende. Hata nguo sikukushika, dada. Nilikuona kati ya majani, umepiga magoti, mchanga mpaka viwikoni, na yule mwanamume anakuja nyuma yako na panga, wala hana haraka. Akakukata mara tatu. Nilinyoosha mkono nyuma nikamziba Salima macho. Yangu hakuna aliyeyaziba.

Tuliporudi kukuzika, kopo lilikuwa bado shimoni. Maji ya chumvi yameingia, noti zimegandana, kila duka lilizikataa. Nyumba yako ilikuwa majivu, na ile karatasi ya vipande humohumo. Nikakaa nikalia upya, nikidhani na hela za Salima zimeungua.

Mwezi uliopita ndipo nilipopata nauli ya kwenda Mtwara. Nikamuuliza mama wa ofisi ya mfuko, "Zamu ya marehemu ilikuwa lini?" Maana mimi nilidhani ni kama shitiki yetu ya wanawake, kila mwezi anakula mmoja, na akifa kabla ya zamu yake anakula ndugu yake. Hakunicheka. "Hapa hakuna zamu, mwanangu. Kilicho chake ni chake kila siku." Akaandika jina la Salima kwenye kompyuta, vikatokea vyote. Karatasi iliungua, vipande viko. Bei imeshuka tangu uliponunua vile vya mwisho, akanionyesha. Nikiuza leo nakula hasara, nikingoja huenda ikapanda, huenda isipande, hakuna anayeniahidi. Halafu akanigeuzia kompyuta nisome. Msimamizi wa mtoto baada ya mama yake ni mimi. Mimi niliyekucheka. Uliandika siku ileile uliponunua, dada? Au baadaye, hasira za kuchekwa ziliposhuka?

Mjomba anasema bei kushuka ni wizi. Si wizi. Wezi nimewaona.

Sikufichi, nilitamani kuuza. Namenya vitunguu jikoni kwa wafanyakazi wa gesi wa Afungi mpaka macho yanavimba, na bado unga unakatika kabla ya mshahara. Fomu ya kuuza nilishapewa, na kalamu nilishaishika. Lakini juzi namwogesha Salima, akaniuliza, "Mama mdogo, mama bado anachimba?"

Kumbe aliona. Kiganja changu kilichelewa.

Basi nakuaga hivi, dada yangu. Nyanyuka pale, jifute mchanga, pumzika. Kopo halipo tena, nimelitupa baharini mwenyewe. Vipande havitaguswa na mjomba wala na njaa yangu, mpaka Salima akae kwenye kile kiti nilichokalia ofisini Mtwara asome jina lake mwenyewe. Siku hiyo nitamwambia ulikuwa unachimba nini, na kwa ajili ya nani, hata akinichukia.

Mchi nimeuegemeza mlangoni.

Mdogo wako,
Fatu