Sambaza nilizopika mwenyewe

Jumanne.

Niko na miaka sabini na moja. Vita ya hapa haikuniua, zile mbili za Kongo hazikuniua, na virusi vya UKIMWI viko ndani ya damu yangu miaka mingi bila kuniangusha. Muntu gani mwingine hapa Gashonga anaweza kusema hivyo?

Lakini leo yule binti muganga wa kituo cha afya amenikasirisha. Nilimwonyesha kopo ya vitamini niliyonunua Bukavu. Nikamwambia nameza hizi, dawa zake nameza leo, kesho napumzika.

"Papa, unataka kufa? Vitamini haizuii virusi. Na baaskari ba mwili wako bamezeeka kama weye. Dawa kila siku, na ukule mboga za lengalenga, maharagi, na bale samaki badogo, sambaza."

"Bibi yangu alikufa. Mwanaume hapiki."

"Basi utazikwa na heshima yako, Mzee."

Njiani nilimuwaza Maman Veronika, mke wangu, kabla kambi ya wakimbizi haijamchukua. Alikuwa anapika lengalenga na karanga, mie nikitoka kubeba simenti Muganza, mifuko miwili kwa mara moja. Nilidhani ni nguvu zangu tu. Sikumwambia hata siku moja kwamba chakula chake ni kitamu.

Jioni nimemeza dawa. Kisha nikaingia jikoni kwa Maman Veronika, mwanaume mzima, nikapuliza moto. Sambaza ziliungua. Nimekula zote.

Anayebisha aulize jirani yangu Maman Furaha. Alichungulia, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaniletea chumvi.