Kuku Weusi wa Baba, Kasokola

Mwaka mmoja umetimia, Baba Bartolomeo, tangu kichomi kilipokulaza siku nne tu na ya tano ukatutoka, Juni 1976. Tulidhani mwaka ungetufundisha kukuzoea ukiwa haupo. Haujatufundisha. Bado tukisikia kuku wanapiga kelele uani tunangoja sauti yako iwanyamazishe.

Mama ametuambia safari hii tusikusifu tu. Ana jambo lake anataka ulisikie, na watu wa Kasokola wanaosoma hapa walisikie pia, kwa kuwa nusu yao walikula nyama ile. Tutalifikia.

Watu walikujua kwa karanga zako na kwa kuku wako weusi. Karanga, kila mtu hapa analima. Kuku weusi tii, kutoka shingoni hadi mkiani bila unyoya wa rangi nyingine, walikuwa kwako peke yako. Ulianza na mtetea mmoja aliyebaki ugonjwa wa mdondo ulipofagia mabanda yote mwaka 1968. Ukasema aliyebaki ndiye mwenye akili, na kwa kuwa alikuwa mweusi, utafuga weusi. Tena ulikuwa na hoja yako ya mwewe: kwamba mweupe na mwekundu huwaona akiwa bado mbali juu, lakini mweusi humdhania kivuli. Sisi hatukuwahi kumuuliza mwewe, ila ni kweli kwamba majirani walipoteza vifaranga vingi kuliko wewe.

Maneno yalisemwa. Kuku mweusi hutafutwa na waganga, basi ikavumishwa kwamba unawafugia wao. Walikuja kweli, mmoja akatoka Kabungu kwa miguu, ukampa uji, kuku hukumpa. Paroko naye akakuita. Ulirudi unacheka peke yako njiani. Ulikuwa umemwambia, "Padri, mimi nimebatizwa. Mwewe ndiye bado."

Mwaka 1974 tulipoambiwa tuhamie kijijini na lori likaja, ulipakia matenga ya kuku kwanza. Lori likajaa. Mama akaketi juu ya kitanda kilichobaki uani, akakutazama weee, halafu akasema, "Haya, nenda ukalale na kuku wako." Ulikirudia kitanda kwa baiskeli, siku mbili, mbao kwa mbao.

Kila Jumapili baada ya misa uliketi kwenye kigoda mbele ya banda, na shati la kanisani bado mwilini, jambo ambalo Mama hakulipenda. Ulimshika kuku mchanga mmoja mmoja, ukafungua bawa, ukapuliza manyoya ya kifuani uone yanavyoota chini. Tukikuuliza, "Huyu je, Baba, tumle?" ulijibu, "Bado hajasema." Kwako kuku hasemi rangi yake mpaka amalize kubadili manyoya ya utoto. Hilo ulituambia. Lakini ukishamaliza kumtazama, nini ulikiona, hukusema. Ulikuwa mpole, mwenye subira kwa kila kiumbe, ila kueleza kulikushinda. Hapo tunakulaumu kidogo.

Kwa sababu hiyo Mama hakujua vitambaa vilikuwa vya nini. Mwezi mmoja kabla ya kuugua uliichana khanga yake iliyochakaa, ukawafunga kipande mguuni baadhi ya wale waliototolewa Machi. Mama aligombana nawe siku mbili kwa ajili ya khanga, kisha yakaisha. Hakuuliza zaidi. Kwetu kuku aliyefungwa mguu anakwenda sokoni, mtoto mdogo analijua hilo.

Siku tuliyokuzika watu walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, kutoka Kabungu, Makanyagio, hata Katumba. Siku hiyo kuku wakubwa wote walichinjwa, na jogoo mkubwa akiwa mmoja wao. Mama hakuzuia. Alihesabu kwamba mbegu yako imo kwa wale wa Machi, ambao sasa walikuwa majogoo wachanga, mapora, na matetea wa miezi mitatu. Kesho yake asubuhi wageni wa mbali walikuwa bado wapo, na mgeni hawezi kula ugali na chumvi kwenye msiba wako, tungeuficha wapi uso? Dada yako, shangazi Emerensiana, akaingia ndani alikoketi Mama kwenye mkeka.

"Wifi, tushike wepi?"

Mama akafuta macho. "Wale wenye mabawa meupe, waliofungwa vitambaa. Hao alikuwa anawapeleka sokoni."

"Na hawa weusi?"

"Weusi ndiyo kazi yake ya miaka yote. Nyie msiwaguse hao. Hata mmoja!"

Wenye vitambaa walikuwa saba. Walipomaliza kunyonyolewa, vipande saba vya khanga vilibaki pale uani kati ya manyoya, na shangazi akavifagia. Mama anasema wiki ile hapakuwa na kitu alichoweza kukufanyia ila hilo moja, kuokoa kuku wako weusi. Kila mara alitoka kwa waombolezaji akaenda kuchungulia kama wapo.

Mwezi wa Septemba mapora wetu weusi wakaanza kuota manyoya mekundu shingoni. Mama akasema ni vumbi la kiangazi. Alimkamata mmoja akamwosha kwa sabuni ya kufulia, shingo nzima, na jirani aliyekuwa anapita akauliza kama kuku anakwenda harusini. Wekundu haukutoka. Oktoba matetea nao wakawa na kahawia kifuani. Ikawa hatuna kuku mweusi hata mmoja.

Ndipo Mama alipokumbuka kitu. Jogoo mkubwa, yule mweusi kuliko wote, alipokuwa mchanga alikuwa na mabawa meupe. Mama mwenyewe aliwahi kukushauri umchinje, ukamjibu kama kawaida yako, "Bado hajasema." Alikumbuka hayo akiwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini, akatuita.

"Wale saba ndio walikuwa wenyewe," akasema. "Hawa weusi ndio wangekwenda sokoni. Nimeimaliza mbegu ya baba yenu, tena kwenye msiba wake mwenyewe."

Tulimwambia hakukusudia. Tulimwambia kuku ni kuku. Hakutusikia. Krismasi hakula nyama ya kuku, na Jumapili baada ya misa alipita mbele ya kigoda chako bila kukitazama. Tuseme wazi, Baba, tuliogopa kwamba atakufuata.

Mwezi wa Aprili, siku ya Jumamosi, Athanasie alikuja kutoka Katumba. Ni yule mama aliyekimbia Burundi, uliyekuwa ukibadilishana naye mbegu za maharage. Alikuwa na tenga kichwani. Akalitua, akakataa kuketi.

"Mama Yohani, nimeleta nusu yenu."

"Nusu ya nini?"

"Mzee aliniletea wawili kwa baiskeli, pora na tetea, mwezi mmoja kabla ya kufa. Tulikubaliana nifuge, wakitotoa tugawane. Nilikuwa nije kuwaambieni zamani. Sikuja, kwa sababu nilimkasirikia."

Mama akamuuliza alimkasirikia kwa nini.

"Alinipa wenye mabawa meupe. Hapa kwenu nilikuwa nimeona weusi wazuri, wamejaa uani, yeye akanipa wenye madoa. Nikasema, basi, mimi ni mkimbizi, napewa makapi. Hata msibani nilikuja na hasira yangu, Mungu anisamehe."

Mama alikuwa amesimama. "Na sasa wakoje?"

"Weusi, mama. Weusi kama masizi ya chungu, mpaka ncha ya bawa. Nikaona aibu. Nikasema siji mikono mitupu, acha watotoe kwanza." Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa vipande viwili vya khanga. "Hivi vilikuwa miguuni mwao. Sikujua ni vya nini, lakini havikuwa vyangu, sikuvitupa."

Mama aliijua khanga yake. Alilia siku ile kuliko siku tuliyokuzika, na Athanasie akalia naye, kila mmoja akimwomba mwenzake radhi kwa kosa ambalo mwenzake hakulijua. Shangazi Emerensiana, aliyekuwapo, ndiye aliyekumbuka kufunua tenga. Vifaranga vilikuwa sita. Vyote vilikuwa na vifua vyeupe na ncha nyeupe za mabawa.

"Mbona hawa wana madoa?" shangazi akauliza.

Mama akajifuta pua kwa upindo wa khanga. "Waache," akasema. "Bado hawajasema."

Leo wamefikia umri wa wale saba. Mmoja alichukuliwa na mwewe, kwa hiyo hoja yako ile tutaichunguza upya. Watano wapo, mabawa yao bado meupe, na mmoja ameanza kuota unyoya mweusi pale ambapo wa zamani umedondoka. Mama ndiye anayeketi kwenye kigoda chako siku hizi, na nguo za kanisani bado mwilini, wala hilo halimsumbui tena. Anafungua bawa, anapuliza kifua. Tukimuuliza anaona nini, anatueleza kila kitu, mpaka tunachoka. Anasema asife nalo moyoni kama wewe.

Anakuomba umsamehe kwa wale saba. Sisi tumemwambia umeshamsamehe, maana wale wawili uliompa Athanasie hukumpa kwa bahati mbaya, ulijua mbegu hailazwi banda moja.

Wote watakaokuja kusali nasi wanakaribishwa chakula baada ya misa. Kutakuwa na wali, maharage na samaki, migebuka ya Karema. Kuku hatutapika, mtuwie radhi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Romana. Watoto wako Yohani, Generosa na Josephat. Dada yako Emerensiana. Mdogo wako Ponsian. Wakwe na wajukuu zako. Na Athanasie wa Katumba, ambaye Mama ameagiza aandikwe pamoja na ndugu.

Pumzika kwa amani, Baba. Tutakukumbuka siku zote, na nyumbani kwako hakuna atakayeshika kisu kabla kuku hajasema.