Lenzi ileile, kamera ya kuazima, na Bibi asiyetoka kitandani

Jumamosi. Upepo umevuma kutwa nzima hapa Mwankoko, midomo imenikauka, lakini moyo mwepesi kama nimetua gunia la alizeti.

Jana niliwatangazia kina Zuhura kwamba picha ya ukoo naipiga huku nasinzia. Zuhura ameolewa, kesho anahamia Nduguti. Bibi yake kavunjika nyonga, hatoki kitandani, na alichotaka ni kimoja tu: wajukuu wote wamzunguke, picha moja, humohumo chumbani. Nikasema kazi ya kitoto hiyo. Lenzi yangu ya 35 chumba kama kile inakimeza chote.

Mwenzenu nikasahau kitu. Kamera yangu iko kwa fundi, leo nilibeba ya kuazima.

Nachungulia, namwona Bibi, namwona Zuhura na nusu sikio la mtu. Nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Bado. Nikamsingizia mjomba wao kwamba kitambi chake ndicho kinajaza picha. Wakacheka. Mjomba akanijibu taratibu, "Kijana, aliyekwama ukutani si mimi."

Hapo akili ikarudi. Lenzi ni ileile, 35 ni 35 popote. Ila hii kamera ina sensa ndogo, ile sehemu ya ndani inayopokea picha. Inachukua katikati tu, pembeni inaacha, ni kama nimefunga lenzi ya 50 hivi, inayoona finyu zaidi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini hilo nalijua. Mdomo ndio ulinisahaulisha.

Simu ningetoa, ndiyo. Baada ya maringo yote yale?

Nikawaomba wafungue dirisha lililokuwa mgongoni kwangu, nikazunguka nje, nikasimama katikati ya kuku, nikailenga kamera ndani kupitia dirishani. Nafasi niliyoongeza ni unene wa ukuta na kichwa changu.

Wakaenea wote.

Nikampelekea Bibi aone. Akapitisha kidole kwenye kioo, anataja jina baada ya jina, mimi nahesabu naye. Mwisho akamgeukia Zuhura.

"Wote wamo. Haya mjukuu wangu, nenda kwako."

Zuhura akalia. Mjomba akajifanya anatafuta viatu.

Maringo nitayarudia, mnanijua. Ila leo nalala kama mtu aliyetimiza alichosema, na sikujua kama usingizi wake huwa mtamu hivi.