Asali ya Posa Imegeuka Sukari

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, maana siku hiyo ndiyo baba amepanga kurudisha posa, na mimi hadi sasa sijui kama ninaokolewa au ninaponzwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Njombe mjini, nina miaka ishirini na sita, na mchumba wangu anaitwa Nahumu, ni mwalimu wa shule ya msingi kule Makambako lakini moyo wake wote uko kwenye mizinga sita ya nyuki aliyoiweka nyuma ya nyumba, katikati ya miparachichi, na mwezi wa tano mshenga wake alipoleta posa kwetu alileta pia ndoo ya lita kumi ya asali ambayo Nahumu aliirina mwenyewe wiki ile ile, baba akailamba kidoleni akasema, "Huyu kijana anajua kazi," nami nikaona nimeshapata mume.

Sasa baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, ile ya sakitu, umande ulioganda juu ya majani, mama akafungua ndoo akakuta asali yote nyeupe, ngumu, ina chengachenga, ukiitafuna inalia kama sukari, akamwita shangazi Zipora, dada yake baba, ambaye miaka mingi anauza asali sokoni kwenye chupa na asali yake ni laini mwaka mzima, haijawahi kuganda hata siku moja, shangazi akachovya njiti ya kiberiti kwenye ile asali, eti ikiwa safi njiti huwaka, akaikwaruza ikagoma, ya pili ikagoma, akasema, "Kaka, hii ni sukari iliyochemshwa. Mtu anayedanganya kwenye posa, kwenye ndoa atafanya nini?" Baba akaenda zake kulisha nguruwe, na kesho yake akatangaza kwamba posa inarudi.

Ningemtetea Nahumu, mshauri, ila na mimi nina yangu moyoni, kwa sababu mwezi huo huo wa saba nilimtembelea bila taarifa nikakuta jikoni kwake sukari kilo kumi, mtu anayeishi peke yake, nikaondoka bila kumuuliza, halafu nikaanza kukumbuka mengine, kwamba manukato niliyomnunulia Krismasi hayajapungua hata kidogo, kwamba anaogea sabuni ya mche, kwamba kuna jioni hapokei simu saa mbili nzima, kwamba mwezi wa nne alikuja na jicho limevimba akasema ni nyuki, nyuki gani huyo anayechagua jicho moja tu, na kila nikitaka kusogelea mizinga ananiambia, "Wewe kaa hapo hapo," sasa huko nyuma kuna nini?

Nikamweleza rafiki yangu Lightness mwenye duka pale Makambako, yeye peke yake, lakini nasikia sasa sokoni wanamwita Nahumu "Mwalimu Sukari" na wazazi waliokuwa wakimwagiza asali wameacha, naye ananipigia kila siku sipokei, wiki ya tatu hii, sijamwambia kitu. Nampenda, mshauri, juzi nimeshona mkono wa gauni kwenye kiuno kwa mawazo. Je, niache posa irudi, au kuna namna ya kumkamata kwanza nijue ukweli?

Mwenye Mashaka, Njombe

*

Mwenye Mashaka, pole. Baada ya pole kaa chini, kwa sababu nitakusema.

Mimi pia ni mtu wa kushuku, hata mkaa sinunui bila kutikisa gunia. Ila anayeshuku lazima ajue kuhesabu miezi. Umeandika kwa mkono wako kwamba asali iliingia kwenu mwezi wa tano, na sukari umeiona mwezi wa saba. Sukari hiyo ilirudije nyuma miezi miwili ikajitia kwenye ndoo ya mama yako?

Asali safi huganda, binti yangu, hasa kwenye baridi kama hiyo yenu. Haijaharibika. Wekeni chombo kwenye maji ya uvuguvugu, msiichemshe, italainika yenyewe, au muipake hivyo hivyo kwenye mkate. Na hicho kipimo cha njiti, Njombe mwezi wa saba hata njiti isiyochovywa kitu inagoma kwa unyevu!

Kuhusu kilo kumi, baridi ikiingia maua hupungua, na wafugaji wengine huwawekea nyuki maji ya sukari wasife njaa. Muulize swali moja tu: anawalisha kabla ya kurina au baada? Akiwalisha wakati masega ya kuvunwa bado yamo mzingani, sukari inaingia kwenye asali na una haki ya kukasirika. Akiwalisha baada, anatunza mifugo yake kama baba yako anavyotunza nguruwe. Manukato huwakasirisha nyuki, ndiyo maana hajipulizi, na ndiyo maana anakuzuia wewe unayenukia. Simu atapokeaje ana glovu mikononi na nyuki wamemzunguka? Na jicho moja lisikusumbue, angevimba yote mawili ungesema amepigwa na wanaume wawili.

Shangazi yako simjui na simtuhumu. Nashangaa tu muuza asali wa siku nyingi hapo Njombe asijue kwamba asali huganda. Labda yake huipasha moto, labda ni ya maua mengine. Lakini baba yako amemkabidhi muuza asali hukumu ya asali ya mwenzake. Mwambie apeleke zote mbili, ya Nahumu na ya shangazi, kwa afisa nyuki wa halmashauri, na posa isiguswe hadi majibu yatoke.

Sasa nakuja kwako. Unasema ulimwambia Lightness peke yake. Kumwambia mwenye duka ni kubandika tangazo mlangoni, na hilo ulilijua. Halafu unaniomba namna ya kumkamata! Anayekamatwa ni mwizi, mchumba huulizwa. Wiki tatu kijana wa watu anaitwa jina baya mjini kwake, anampigia mtu anayedhani atamfariji, kumbe ndiye aliyelianzisha.

Jumamosi hii panda gari uende Makambako. Mweleze yote, pamoja na hilo la dukani, asije akalisikia kwa mwingine. Kisha nenda kwa Lightness, mbele ya wateja, useme kwa sauti ile ile uliyosemea uongo kwamba ulikosea. Ukirudi, umkabili baba yako wewe mwenyewe, usimtume mama.

Na ujiandae kwa hili: Nahumu ana haki ya kukukatalia. Anaweza kusema mwenyewe anataka posa yake irudishwe. Akisema hivyo, usikae mlangoni kwake ukilia ili akuonee huruma. Nenda dukani hata hivyo, ukamsafishe jina, ndipo upande gari la kurudi Njombe, ulie humo.

Mama Consolata