Mara Tatu Kwenye Chuma cha Kitanda

Kiloleli, Ilemela,
Mwanza.
Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Shangazi Evelina,

Shikamoo. Kabla sijakuuliza hali, naomba niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana najijua, nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu. Namwonea wivu dada Sabina. Namwonea wivu kwa kupasuliwa moyo. Nimeshaandika, sifuti.

Sasa, mnaendeleaje huko Tunduma? Mgongo wako umepoa? Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo kwa vumbi, jirani anapasua jabali apate pa kujenga. Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu ninayotumia ni ya mama.

Mgonjwa wetu anaendelea vizuri. Ile valvu waliyomwekea Dar inafanya kazi, na kidonda cha kifuani kimekauka. Ngazi zetu za mawe anapanda, ila anapumzika katikati. Tangu yeye na mama warudi, analala chumbani kwa mama. Kwenye kitanda chetu cha dabodeka, yeye chini mimi juu, nimebaki peke yangu.

Unajua nilivyo, wageni wakija nakimbilia jikoni. Lakini siku hizi wageni hawaishi, na kila mmoja lazima ahadithiwe habari ya mashine ya kupumulia. Nimeisikia nikiwa mlangoni na trei ya soda mpaka naijua yote. Alivyozinduka ana mpira kooni, hawezi kusema, mikono imefungwa kwa bandeji asije akauvuta. Alivyotaka kuvuta pumzi yake na mashine ikamletea nyingine, wakawa wanagombana kama watu wawili kwenye mlango mmoja, hadi nesi alipomwinamia akamwambia asishindane nayo, aiache impumulie. Alivyodhani yuko kwenye kivuko cha Kamanga, watu wote wanashuka na yeye miguu haisogei. Kiu, na hakuna wa kumwambia. Anamsikia mama anamwita, hawezi kuitika.

Mimi pale mlangoni nawaza, dada amekosa sauti siku mbili tu, na watu wazima wakajifunza kusoma macho yake na vidole vyake. Mimi nimekuwa kimya tangu utoto, na watu husema tu Odeta hana maneno, wanaendelea kula. Shuleni Biolojia tunasoma kwa Kiingereza, moyo naweza kuuchora na vyumba vyake vinne na jina la kila mshipa. Hiki kinachoniuma sijui kukichora kwa lugha yoyote.

Kilichonichoma zaidi ni zile mara tatu. Mama huwaeleza wageni kwamba Sabina, akiwa hajiwezi, aligonga chuma cha kitanda kwa kidole mara tatu, akatulia, akagonga tena mara tatu. Mama akaelewa kwamba ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Akapiga magoti palepale ICU, manesi wakamwinua. Wageni husema amina. Hata Mama Salehe jirani, ambaye ni Mwislamu, alifuta machozi.

Shangazi, mara tatu ni yetu. Tangu tukiwa wadogo, taa ikizimwa Sabina hugonga ubao wa kitanda changu mara tatu: uko macho? Nami hujibu mara mbili: niko. Hakuna mwingine anayejua. Na yeye anakaa kwenye kochi, anamsikia mama akigawa kitu chetu kwa wageni, anatabasamu tu.

Jumapili ijayo ni ibada ya shukrani. Mama atatoa ushuhuda mbele ya kanisa zima, na ameniomba mimi, mimi Odeta, nisimame kando yake nigonge meza mara tatu akifika hapo. Jana nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunachambua dagaa, nikamwambia Sabina amweleze mama ukweli, la sivyo nitasema mimi. Kwa hasira nilikuwa nang'oa vichwa na nyama yake.

Hakukasirika. Alisema alijaribu kumweleza siku aliyotolewa mpira, sauti ikagoma. Iliporudi, akakuta mama ameanza kula na kulala kwa sababu ya zile mara tatu. Angemnyang'anyaje? Halafu, akiwa bado anaangalia dagaa, akasema, "Nilikuwa nakuita wewe. Niligonga sana, hukujibu. Nikajua basi siko nyumbani."

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe. Nilifurahi, Shangazi, lakini wivu haujaisha, umehamia kwa mama. Yeye ndiye aliyekuwa pale kugongewa, na hakujua kujibu. Nilitaka kukuuliza nifanye nini, ila kumbe katika kuandika nimeshaamua. Nitagonga. Kanisa litasema amina, na Sabina akiwa benchi la mbele atajua ni nani anaulizwa.

Nisalimie Baba Venant, Queen, na Masele mwambie mpira wake bado nautunza. Mungu aupoze mgongo wako, awape nyote usingizi mzuri.

Nasikia ndala koridoni. Zinakuja, zinasimama kupumzika, zinakuja tena. Ni yeye. Tangu nianze kuandika, kila mtu akipita naisukuma karatasi hii chini ya kitabu cha Biolojia, na humu wivu wangu wote umeandikwa kwa jina lake.

Amegonga mlango mara tatu. Karatasi nimeiacha wazi. Ngoja nimjibu.

Mimi mwanao nikupendaye,
Odeta